Mwongozo wa Mvivu Anayetaka Kusifiwa

Sogea karibu tuongee. Unaandika programu. Unaishi Silanga, sehemu ya Kibera inayoteremka kuelekea Bwawa la Nairobi, au uko ng'ambo ya pili kule Kawangware, na laptopu yako ilikwisha pita mikononi mwa wengine kabla haijakufikia. Ulijifunzia kwenye taasisi ya Tunapanda, au kwa video za usiku wakati bando ni rahisi, au binamu alikuonyesha. Vyovyote ilivyokuwa, unataka mambo mawili: umalize kazi mapema, na anayesoma msimbo wako aseme, "Huyu anajua." Usione haya. Kila mwandishi wa programu anayataka hayo mawili, na yote yanapatikana kwa njia moja ya mkato.

Njia yenyewe ni hii: vitu vinavyobadilika pamoja, vibadilishe kwa mpigo mmoja. Usivitembeze kimoja kimoja. Hiyo tu. Kinachobaki ni kujua uifanye wapi, na wapi uiache.

Hatua ya 1: Tafuta vitu viwili visivyoachana

Usianze na mifano ya vitabuni. Nenda kwa mama wa M-Pesa. Huduma hiyo ilizinduliwa Machi 2007, na tangu hapo kila wakala amebeba hesabu mbili kichwani: floti, ambayo ni pesa iliyo kwenye simu, na keshi, iliyo kwenye droo. Mteja akiweka 500, floti inashuka 500 na keshi inapanda 500. Akija kutoa, mambo yanageuka. Tuseme mama ana mtaji wa shilingi 40,000, floti 25,000 na keshi 15,000. Baada ya mteja yule, floti ni 24,500 na keshi 15,500. Kamisheni iweke kando, ina hesabu yake. Jumla bado ni 40,000, na mama anaijua bila kupiga kikokotoo.

Sasa anakuomba umwandikie programu ndogo ya kufuatilia duka. Ukitumia Python, mkono wako utakimbilia hapa:

floti = floti - kiasi
keshi = keshi + kiasi

Ukifika mwisho wa mistari hiyo, jibu ni sahihi. Lakini simama katikati yake. Wa kwanza umepita, wa pili haujafika. Kwa kitambo hicho mama ana shilingi 39,500, na mia tano zake haziko kwenye simu wala kwenye droo. Utasema kitambo hicho ni kifupi mno, nani atakiona? Itakiona ripoti utakayoipachika hapo katikati mwezi ujao ukiwa umesahau. Litakiona kosa litakalotokea kwenye mstari wa pili, kwa mfano keshi imeingia kama maandishi badala ya nambari, na programu ikadondoka floti ikiwa tayari imeguswa. Na wewe ndiwe utakayepigiwa simu Jumapili.

Jiepushe na simu ya Jumapili. Andika hivi:

floti, keshi = floti - kiasi, keshi + kiasi

Mistari miwili imekuwa mmoja, na ile nafasi ya katikati ambayo hasara ya uongo ilikuwa ikikaa imeondoka. Kama keshi ina kasoro, hesabu inagoma upande wa kulia kabla jina lolote halijaguswa. Floti na keshi zinabaki kama zilivyokuwa.

Hatua ya 2: Mpe mashine mzigo wako

Hapa ndipo uvivu unapolipa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nenda kwenye kibanda cha maji. Msimamizi husoma mita kila jioni. Jana ilisoma 1840, leo 1852. Uniti ni 12, na kila uniti ni lita 1,000, kwa hiyo imetoka mitungi 600 ya lita 20. Programu yako lazima ifanye mambo mawili: itoe matumizi ya leo, kisha somo la leo liwe "jana" la kesho. Unaandika kwa haraka:

jana = leo
matumizi = leo - jana

Na kompyuta inakuambia matumizi ni sifuri. Watu wamepanga mitungi tangu alfajiri, maji yamebebwa hadi Lindi, humohumo Kibera, na programu yako inaapa kwamba halikutoka hata tone. Python haikulalamika, kwa sababu hukuvunja sheria yake yoyote. Ulifuta jana kabla hujaitumia, basi.

Mtu mwenye bidii anajua dawa. Anaunda kigeu cha tatu, jina la kushikilia thamani kwa muda, anakiita "muda". Wiki ijayo anahitaji kingine, anakiita "muda2". Mwezi ukiisha programu ina "jana_ya_zamani", "jana_halisi" na "jana_halisi_mpya", na hakuna anayethubutu kufuta hata kimoja. Mwingine anapindua mistari, matumizi kwanza halafu jana, na kwa siku hiyo inafanya kazi. Kisha anakuja mwenzake anayependa usafi, anaipanga mistari kwa mpangilio anaouona mzuri, na maji yanakauka tena kwenye ripoti. Bidii ya namna hii imepoteza usiku mwingi wa vijana wenye akili, na inaniuma kuiona. Wewe andika:

matumizi, jana = leo - jana, leo

Kinachotokea ni hiki, na ukikumbuke maana utaulizwa. Python kwanza inakokotoa kila kitu kilicho kulia mwa alama ya usawa, ikitumia thamani za zamani. Ikimaliza yote, ndipo inagawa matokeo kwa majina ya kushoto, moja baada ya jingine kuanzia kushoto. "Jana" iliyoingia kwenye kutoa ni 1840, haiwezi kuwa nyingine. Kile kigeu cha muda bado kipo, ila sasa mashine ndiyo inayokibeba, na wewe hukukitafutia jina. Geuza mpangilio ukitaka, "jana, matumizi = leo, leo - jana". Jibu ni lilelile 12.

Kutakuwa na mtu wa kukuambia kwamba mtindo huu ni wa polepole kwa sababu Python inalazimika kufunga furushi na kulifungua. Mwache amalize sentensi. Halafu mwambie kwa upole kwamba katika CPython, ile Python ambayo karibu sote tunaitumia, thamani zikiwa mbili au tatu hakuna furushi linalofungwa. Zinawekwa kwenye rafu ya ndani, zinabadilishwa nafasi, zinahifadhiwa. Atanyamaza, na sifa ya siku umeipata bila kuongeza mstari.

Akitaka historia, mpe. Christopher Strachey na wenzake wa Cambridge na London waliweka mtindo huu, ugawaji wa pamoja, katika lugha yao ya CPL mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Miaka 50 baadaye, kwenye mkutano wa PyCon wa 2013 kule Santa Clara, Raymond Hettinger alisimama mbele ya ukumbi na kuwahimiza waandishi wa Python waache kubadilisha hali ya programu kipande kipande. Ruby, Lua na Go zina mtindo huo pia. JavaScript iliupata mwaka 2015, kwa mabano ya mraba:

[matumizi, jana] = [leo - jana, leo];

Kwenye JavaScript usisahau nukta-mkato kwenye mstari uliotangulia. Ukiisahau, lugha itaunganisha mabano yako na mstari wa juu na kudhani unachokora nafasi ya orodha. Ukiwa kwenye Java, mtindo huu haupo kabisa. Pole, ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 3: Usihamie Kileleshwa kwa bahati mbaya

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walipewa vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni wakirekodi shule, zahanati, vyoo na vibanda vya maji, na kuviingiza kwenye OpenStreetMap. Mradi ukaitwa Map Kibera. Kabla ya hapo, ramani zilizokuwa wazi kwa umma zilionyesha eneo hili karibu tupu, kana kwamba hakuna aliyeishi hapo. Kila kituo walichorudi nacho kilikuwa na nambari mbili, latitudo na longitudo. Moja bila ya pili haina maana.

Chukua alama iliyo Silanga, takriban -1.32 na 36.79. Ihamishe hadi Kawangware, takriban -1.28 na 36.75. Ukibadilisha latitudo kwanza, na skrini ikajichora kabla ya longitudo kufika, alama yako itaonekana -1.28, 36.79. Hapo ni Kileleshwa. Umempandisha mtu wa Silanga hadi kwenye nyumba za ghorofa zenye lifti bila yeye kulipa kodi ya mwezi mmoja. Ukianza na longitudo, anatokea upande wa Msitu wa Ngong Road. Hakwenda huko wala huko.

latitudo, longitudo = latitudo_mpya, longitudo_mpya

Kwa mstari huo alama iko Silanga, kisha iko Kawangware, na ramani yako haijamsingizia mtu. Kwa eneo lililopigania kuonekana mahali pake pa kweli, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 4: Jivune, lakini usijifunge kamba

Ukishaujua mstari huu utataka kuutumia kila mahali. Najua. Utaanza na viwili, uje vitatu, na usiku mmoja utajikuta umepanga vigeu saba kushoto na hesabu saba kulia, na cha nne kushoto kinalingana na cha tano kulia. Hakuna jicho la binadamu litakaloona kosa hilo, hata lako.

Sheria yangu: viwili kwa raha, vitatu kwa uangalifu, vinne ni ishara kwamba vinaomba jina moja. Floti, keshi, kamisheni na tarehe ya kufunga hesabu ni duka. Vifunge pamoja viitwe duka. Python 3.7, iliyotoka 2018, ilileta zana ya dataclass kwa kazi hiyo hasa, na ndani yake kuna "replace", inayotengeneza duka jipya kutoka la zamani kwa kubadilisha unachotaka tu:

duka = replace(duka, floti=duka.floti - kiasi, keshi=duka.keshi + kiasi)

Kila thamani imetajwa kwa jina lake, kwa hiyo hakuna kuhesabu nafasi kwa vidole. Duka la zamani halikuguswa, na mama akisema "nionyeshe nilivyokuwa asubuhi", bado unalo kama ulilihifadhi. Na wewe wa Java uliyeruka hadi hapa: njia yako ni hii. Unda kitu kipya kizima, kisha ukibadilishe na cha zamani kwa ugawaji mmoja.

Kuna majivuno mengine ambayo nakuomba uyakimbie. Ni ule ujanja wa kubadilishana thamani mbili kwa XOR mara tatu, bila kigeu cha muda. Vijana huupenda kwa sababu unafanana na uchawi. Jaribu kuutumia kubadilishana nafasi mbili za orodha, halafu siku moja nafasi hizo mbili ziwe ni ileile: thamani inajifuta yenyewe na kubaki sifuri. Mstari wa kawaida, "a, b = b, a", hauna tatizo hilo. Anayetaka kuonekana mchawi ataonekana hivyo mpaka siku hesabu itakapopotea.

Hatua ya 5: Jihadhari na upande wa kushoto

Nimekuambia kulia hukokotolewa kwanza, yote. Sasa kumbuka ile nusu ya pili: kushoto hugawiwa kwa zamu, jina la kwanza kisha la pili. Kwa majina ya kawaida hutaona tofauti. Balaa linaanza jina moja linapotumiwa kutafuta nafasi ya jingine.

Chukua chama cha akina mama, merigoraundi ambayo kila wiki mmoja hupokea shilingi 1,000 kwa zamu. Malipo yamewekwa kwa nambari ya mwanachama, na zamu ni ya 3. Unataka kumwandikia wa 3 malipo yake na kusogeza zamu:

zamu, malipo[zamu] = zamu + 1, 1000

Zamu imekuwa 4 kwanza. Kisha Python ikatafuta malipo[zamu], ikakuta ya 4, ikaandika pesa huko. Mwanachama wa 3 hana kitu, wa 4 ameandikiwa kabla ya wiki yake, na kikao cha Jumamosi hakitaisha kwa amani. Ni mtego uleule unaowaangusha wanaogeuza orodha ya viungo, ile ambayo kila kipengele kinaelekeza kwa kinachofuata, kwa mstari mmoja.

Ungeweza kuweka malipo[zamu] mbele na ikafanya kazi. Usifanye hivyo. Anayekuja baada yako hatajua kwamba mpangilio huo unashikilia amani ya chama. Hapa tumia mistari miwili, malipo kwanza na zamu baadaye, na usione kama umeshindwa. Mvivu mzuri huandika mistari miwili pale ambapo mmoja ungemlazimisha kueleza.

Hatua ya 6: Stima ikipotea

Mstari mmoja unakulinda na wewe mwenyewe. Haukulindi na stima. Ukihifadhi floti kwenye diski halafu umeme ukakatika kabla ya keshi kuandikwa, programu ikiamka itakuta 39,500, na uzuri wa msimbo wako hautasaidia. Wala haukulindi na nyuzi mbili, yaani mikondo miwili ya programu moja, zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, kwa sababu ndani ya Python ule mstari mmoja ni hatua kadhaa, na uzi mwingine unaweza kupenya katikati yake. Kwa nyuzi, weka kufuli.

Kwa diski, fanya uvivu mkubwa zaidi: iachie hifadhidata. Jim Gray alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kazi yake juu ya miamala, ili mimi na wewe tusilazimike kuifikiria upya. Unafungua muamala, unaandika mabadiliko yote, unaufunga. Stima ikikatika kabla ya kufunga, ni kana kwamba hukuandika kitu. Ikikatika baada, yote yamo. SQLite inakupa hilo bure, kwenye faili moja, ndani ya laptopu ileile uliyonayo.

Ila sikiliza tahadhari hii, ni watu wachache wanaokuambia. Katika SQL, mabadiliko ya safu mbili ndani ya UPDATE moja hutumia thamani za zamani, kama ile Python yetu. PostgreSQL inatii. SQLite inatii. MySQL haitii: inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na safu iliyokwisha badilishwa inasomwa kwa thamani mpya.

UPDATE mita SET jana = leo, matumizi = leo - jana;

PostgreSQL itakupa 12. MySQL itakupa sifuri, na foleni ya mitungi itakuwa imetoweka kwenye ripoti kwa mara nyingine. Ukiwa kwenye MySQL weka matumizi kwanza, na uandike maelezo juu ya mstari huo ili asitokee mpenda usafi akaupindua.

Hatua ya 7: Pata sifa bila kuomba

Kabla ya kumpa mtu yeyote programu, ongeza mstari huu baada ya kila kuweka na kila kutoa:

assert floti + keshi == mtaji

Unasema hivi: jumla isipolingana, simama hapo hapo, usiendelee. Ni ukaguzi uleule anaoufanya mama jioni akifunga duka, ila huu unafanyika kwa kila mteja. Mtaji ukiongezwa au kupunguzwa, vibadilishe mtaji na floti kwa mpigo mmoja, kwa sababu sasa unajua namna. Mstari huo utakukamata wewe kwanza, ukiwa bado umekaa na chai yako, kabla mama hajakukamata mbele ya wateja.

Kisha subiri. Usitume ujumbe kwenye kundi kwamba umesafisha msimbo. Usimwambie mwenzako kwamba mistari yake saba ingekuwa mmoja. Atakuchukia, na ataishikilia ile saba kwa ukaidi. Siku mkikaa pamoja kwenye kazi ya mita, andika mstari wako taratibu, uuache kwenye skrini, inuka ukanunue mandazi. Ukirudi atakuwa ameshausoma mara tatu. Wiki ijayo atakuja kukuonyesha namna alivyobadilisha vigeu viwili kwa mpigo mmoja, na atakueleza kwa kirefu jinsi upande wa kulia unavyokokotolewa kwanza. Msikilize mpaka mwisho, kisha mpongeze.